Hasara Sita za Masimulizi

Mpwa wangu alipoingia kidato cha kwanza, jioni moja nilimkuta barazani akikariri kwa sauti hasara za masimulizi ya mdomo kama chanzo cha historia. Kwa Kiingereza, bila shaka. Moja, yanahitaji kumbukumbu kali. Mbili, hutiwa chumvi. Tatu, huwapendelea wakubwa, mabaya yao hayasimuliwi. Ya nne ikamkwama, akachungulia daftari, akaendelea. Alipofika ya sita alilifunga daftari kwa kishindo cha mtu aliyemaliza kazi ya siku, akachukua simu ya mama yake.

Dakika kumi hazikupita, kundi la ukoo la WhatsApp likapokea kutoka simu ile ile sauti ya mwanamume asiyejitaja jina, akieleza kwamba maji ya moto yenye ndimu na chumvi huyeyusha mawe ya figo kwa siku tatu, na kwamba madaktari wanalijua hilo ila wanalificha. Nikamwita. Huyu anayezungumza ni nani? "Sijui, mjomba, imetumwa tu." Sasa haya si masimulizi ya mdomo? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya katikati ya swala. "Ile ya historia ni topiki, mjomba. Hii ni meseji."

Sasa yuko kidato cha nne, na jibu lile bado linanirudia. Kila uzushi mkubwa unapopita nchini, uwe wa chanjo, wa uchaguzi au wa watoto kutekwa, hujitokeza mtu redioni akataka shule ziwafundishe vijana kupambanua habari. Warsha hufanyika, fulana hugawiwa. Na aghalabu jambo lenyewe huelezwa kana kwamba ni ufundi mtupu, mfano wa kuendesha baiskeli: ukishaujua umeujua, hauna chama wala dini. Hapo ndipo ninapoachana nao. Kumfundisha mtoto habari ipi aiamini na ipi aitilie shaka ni kumfundisha pia nani anaweza kuulizwa ushahidi na nani haulizwi. Hiyo ni itikadi hata ikivaa sare ya shule, na kwa maoni yangu shule zetu zimekwisha kuichagua itikadi yao, kimyakimya, zamani kabla ya warsha ya kwanza.

Lugha yenyewe haijaamua jambo hili liitwe nini. Nimesikia umilisi wa habari, nimesikia ujuzi wa taarifa, na warshani nimesikia majina marefu yasiyoenea mdomoni. Mimi nitaliita kisomo cha habari, kwa kuwa kisomo ni neno lenye historia hapa petu: wazee walioshika kalamu kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na wajukuu waliliita darasa lao kisomo. (Pwani na Visiwani ukiaga kwamba unakwenda kisomoni utaulizwa nani amefariki. Nalijua hilo, na silioni kuwa kizuizi.)

Kwa jina lake la kimataifa, wazo hili lina mwaka wa kuzaliwa na lina baba. Mwaka 1974 Paul Zurkowski, aliyekuwa rais wa chama cha kampuni za biashara ya taarifa nchini Marekani, aliiandikia tume ya taifa ya maktaba ya nchi yake. Alisema watu waliofunzwa kutumia vyanzo vya taarifa katika kazi zao ndio wanaostahili kuitwa wasomi wa habari, akapendekeza uwepo mpango wa kitaifa ili ifikapo 1984 kila mtu awe msomi wa namna hiyo. Mtazame anayesema. Chama chake kilikuwa cha watu wanaoishi kwa kuuza taarifa, na muuzaji ana haja ya mnunuzi anayejua kuitumia bidhaa. Simtuhumu kwa hila. Nasema tu kwamba kiumbe aliyemwona akilini ni mfanyakazi mwenye tija: neno kazi limo katika sentensi yake maarufu, neno raia halimo.

Wakutubi ndio waliolipanua wazo lile. Ripoti ya chama chao cha Marekani ya mwaka 1989 tayari ilikuwa imelifunga pamoja na demokrasia na maisha ya kila siku. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa Alexandria nchini Misri, likatangazwa kuwa haki ya msingi ya binadamu katika ulimwengu wa kidijitali. Mwaka 2011 UNESCO ikatoa mtaala wa kuwafunza walimu. Kwa miaka thelathini na kitu hivi mfanyakazi wa Zurkowski alikuwa amegeuzwa raia, walau kwenye karatasi.

Lakini rudi nyuma, miaka 7 kabla ya Zurkowski. Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaja mambo matatu ambayo shule haina budi kumjengea mtoto: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyarekebisha yasiyomfaa, na imani kwamba yeye ni mtu huru, aliye sawa na wenzake katika jamii. Mimi sijaona ufafanuzi wa kisomo cha habari unaoupita huo. Hauna kompyuta, hauna intaneti, na bado umegusa kitu ambacho miongozo ya leo yenye kurasa mia mbili hukipita pembeni, nacho ni lile jambo la tatu. Mbinu zote za kukagua chanzo hazifai kitu kwa mtoto asiyeamini kwamba yu sawa na anayemwambia. Atamwulizaje ushahidi mtu ambaye anapaswa kumwamkia kwanza, kusimama anapopita, na kusema ndiyo?

Tulichokumbuka katika waraka ule ni jembe. Mwulize yeyote aliyesoma miaka ile kujitegemea kulikuwa nini, atakutajia shamba la shule, banda la kuku, na fagio na ndoo za kuja nazo kutoka nyumbani. Akili ya kudadisi haikujengewa banda.

Sitaki kuwalaumu wa kale kirahisi, kwa sababu nchi hii iliwahi kuendesha kisomo cha habari kwa ukubwa ambao haijaurudia. Zilitangulia kampeni za redio, zikiwemo za Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka uliofuata, ulipotimia mwaka wa 10 wa uhuru. Kisha, mwaka 1973, ikaja Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wengi chini ya miembe, redio moja katikati, kijitabu mkononi mwa kiongozi wa kikundi aliyekuwa amepewa mafunzo mafupi. Walisikiliza habari za malaria, kichocho, kuhara. Redio ikizimwa, maongezi yanaanza: hapa kwetu je? Maji tunayachota wapi, na choo kiko upande gani wa kisima? Halafu wanainuka kwenda kuchimba. Vyoo vilichimbwa kweli, madimbwi yakafukiwa, vichaka vilivyozunguka nyumba vikafyekwa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kwa mtindo ule ule.

Kuna mambo mawili humo, na nayapenda kwa viwango tofauti. La kwanza ni mwelekeo wa habari, ambao ni wa mvua: kutoka juu kwenda chini. Dar es Salaam ilikuwa nayo, kijiji hakikuwa nayo, na haikuwepo njia ya kijiji kuiambia redio kwamba kwa ardhi ya hapa hilo la leo si sahihi. La pili ni zile dakika baada ya redio kuzimwa. Pale watu waliipima habari ya mbali kwa macho ya karibu: kisima chao, mbu wao, mtoto wao aliyekufa mwaka jana. Hakuna mtu aliyewaambia kwamba walikuwa wanahakiki taarifa, wala neno hilo halikuwepo, lakini ndicho walichokuwa wakifanya.

Kisomo cha kusoma na kuandika nacho kilikuwa na sura mbili hizo. Mradi wa majaribio ulianzia kanda ya Ziwa, Mwanza ikiwa makao, mwaka 1968, nao uliitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, wa migomba kwa cha migomba. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma. Kufikia 1986 serikali ilitangaza kwamba 90 katika kila 100 wanajua. Ni kazi kubwa, haina ubishi. Ila manufaa hayo yalipimwa kwa kilo za pamba, na mwenye mizani hakuwa mkulima. Hapa Zurkowski na kisomo chetu, ambao hawakuwahi kukutana, wangepeana mikono: kwa wote wawili msomi ni mtu anayezalisha zaidi.

Redio ile imehamia wapi? Imehamia ubaoni. Mtaala wa sekondari uligeuzwa kuwa wa umahiri mwaka 2005, na ukageuzwa tena mwaka 2023, na mara zote mbili tuliambiwa kwamba mwanafunzi sasa ndiye kitovu. Ingia darasani. Mwalimu ana notsi, notsi zinakwenda ubaoni, kutoka ubaoni zinaingia daftarini, kutoka daftarini zinaingia kichwani, na mwezi wa mtihani zinarudi kwenye karatasi zikiwa zimepungua kidogo njiani. Swali la insha la historia la kidato cha nne kwa miaka mingi limekuwa na sura moja: eleza sababu sita, eleza athari sita. Mwanafunzi mwenye sababu ya saba iliyo bora kuliko zote amepoteza wino tu. Na yule anayeandika kwamba sababu ya tatu haikuwa hivyo katika wilaya yao, kwa kuwa babu yake alimsimulia, huyo amejitakia mwenyewe.

Namwelewa msahihishaji. Ana rundo la karatasi mbele yake, yuko mbali na nyumbani, analipwa kwa karatasi, na pointi zinahesabika. Shaka haihesabiki. Lakini tukubali basi kwamba kwa miaka minne mtoto wetu amekuwa akifundishwa kisomo cha habari kila siku kwa mkono wa mtihani, na somo lenyewe linasema: ukweli una pointi sita, una mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Mpwa wangu alikuwa amejifunza uhakiki wa vyanzo, tena uhakiki wa kweli, maana zile hasara za masimulizi zote ni sahihi. Alijifunza tu kwamba ni kitu cha kujibia mtihani.

Lugha nayo inaongeza kufuli. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka 7 anaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kwa Kiingereza. Huwezi kuibishia sentensi ambayo bado unaitafsiri. Nguvu zote zinaishia kwenye kuielewa, na mtu akishaielewa kwa taabu kiasi hicho huona aibu kuiuliza tena kama ni ya kweli.

Basi nilifurahi niliposikia kwamba katika mtaala ulioanza Januari 2024 kuna somo la lazima la historia linalofundishwa kwa Kiswahili. Kisha nikalisoma jina: Historia ya Tanzania na Maadili. Sina ugomvi na maadili. Ila yaliyotokea na yanayopaswa kupendwa yakiwekwa kwenye kiti kimoja, nina wasiwasi ni lipi kati yao litakaloinuka likimwacha mwenzake amekaa. Mwanafunzi atakayesimama na kusema hili lililomo kitabuni silioni ushahidi wake, atakuwa ameuliza swali la historia au amekosa maadili?

Nje ya shule, mtu mzima naye anafundishwa na sheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamwahidi anayechapisha habari za uongo mtandaoni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikarekebishwa hata kupingana hadharani na takwimu rasmi kukawa na hatari ya jinai. Mwaka uliofuata ikalegezwa, baada ya kelele nyingi, za Benki ya Dunia zikiwemo. Sisemi uongo usiadhibiwe, kuna uongo unaoua. Lakini sikiliza kinachobaki masikioni mwa raia wa kawaida: usisambaze mpaka mamlaka ithibitishe. Kukagua haimo. Na ukiisikiliza vizuri hiyo ni methali yetu ya siku zote, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, iliyopewa namba ya kifungu. Upande wa pili tunayo lisemwalo lipo, ambayo ndiyo falsafa nzima ya kundi la WhatsApp. Kijana wetu analelewa kati ya hizo mbili, mkuu na umati, na hakuna kati yao inayomtaka aoneshwe kitu.

Nieleze ninachokitaka kwa mfano mmoja, ambao kila aliyepita sekondari Tanzania anaujua: vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, 1905 hadi 1907. Walikufa Waafrika wangapi? Hesabu ya serikali ya kikoloni ya Kijerumani ni 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyeitafiti vita hiyo akiwa na John Iliffe mwishoni mwa miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hii si ya kuteleza kwa kalamu. Ya pili ni zaidi ya mara tatu ya ya kwanza.

Kaa na namba hizo mbili kipindi kizima, dakika 40, bila kuandika pointi. Nani alihesabu? Mjerumani aliyekuwa na bunge la kwao la kulijibu kuhusu gharama na ukatili wa vita. Alihesabu nini? Waliokufa kwa risasi, au na waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto kwa makusudi? Njaa ndiyo iliyoua wengi, na njaa haiachi maiti uwanjani zikisubiri karani. Kabla ya vita watu walikuwa wangapi, na nani aliwahi kuwahesabu? Sasa mgeukie Gwassa. Ni msomi wa taifa lililokuwa na umri wa miaka michache tu, taifa lililokuwa likitafuta mababu wa kujivunia. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika vijijini kusini kuwasikiliza wazee waliokuwa watoto vita vilipopigwa. Hayo ni masimulizi ya mdomo, na hasara zake zote sita mpwa wangu anazijua. Pande zote mbili zina upande, lakini kuwa na upande si sawa na kusema uongo. Mimi mwenyewe, nikiupima uzito wa ile njaa, nasogea kwa Gwassa. Mwanafunzi anayesogea kwingine kwa hoja simnyang'anyi alama. Na namba huwa zinasafiri: rais wa Ujerumani alipokuja Songea Novemba 2023 kuomba msamaha, ile iliyotajwa sana katika habari za vyombo vya nje ni ya 300,000. Nani ameihamisha, na lini?

Kisha yaje maji yenyewe. Mganga Kinjekitile wa Ngarambe anasema dawa hii itageuza risasi kuwa maji, na maneno yanasambaa kutoka sikio hadi sikio kwa ule mnong'ono walioita njwiywila, kutoka bonde la Rufiji hadi Ungoni, bila simu hata moja. Darasa hucheka hapa. Mwalimu anaweza kucheka nao akasonga mbele, au akauliza kwa nini watu wazima wenye akili zao, waliojua risasi inafanya nini, waliyapokea maneno hayo. Ndani ya habari ile ya uongo mlikuwa na habari nyingine ya kweli: kwamba wanaolimishwa pamba kwa kiboko si ninyi peke yenu, na jirani mliyegombana naye jana yuko tayari. Uvumi unaoenea huwa umebeba kitu cha namna hiyo. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni za kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila, iliyosemwa kuponya kisukari na maradhi mengine sugu, kwa shilingi 500, na miongoni mwa waliopanga foleni walikuwemo wenye shahada na wenye vyeo. Kuwaita wajinga hakuelezi chochote. Shilingi 500 inaeleza zaidi, ukiilinganisha na gharama ya kuugua kisukari nchini humu kwa mwaka mmoja. Na ile sauti ya ndimu na mawe ya figo, ambayo niliikasirikia, dada yangu aliniambia baadaye kwamba yeye ndiye aliyeihifadhi simuni. Alikuwa amekwenda hospitali mara tatu, na mara zote hakuna aliyemweleza anaumwa nini.

Kuna pingamizi zito dhidi yangu, nalo si la kupuuza. Wapo wanaosema ukimfundisha kijana kuhoji kila kitu atahoji hata chanjo na umbo la dunia. Mtafiti wa Marekani danah boyd ametoa onyo la namna hiyo: wito wa kujiuliza na kujitafutia unatumiwa vizuri sana na wanaotaka kukupoteza. Sisi tuna mfano wetu wa nyumbani. Mei 2020 Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina korona. Swali lile lilikuwa zuri. Kukipima kipimo ndiyo sayansi, na laiti lingeulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu katika maabara yake ningempigia makofi. Kilichokosekana ni vile vinavyofuata: sampuli zilikuwa ngapi, zilichukuliwa na nani, na zilirudiwa kupimwa wapi? Nani angeuliza hayo? Hesabu iliyotangazwa ya wagonjwa ilibaki pale pale, 509, kwa zaidi ya mwaka mzima. Kwa hiyo shaka tuliyoishuhudia ilikuwa na mwenyewe pia, kama zilivyo pointi sita. Anayeogopa kwamba vijana watahoji kupita kiasi angeanza kwa kuangalia ni nani mpaka sasa amekuwa na ruhusa ya kuhoji, na akaishia njiani bila kudaiwa.

Kuhoji kunakofika mwisho kunafundishika. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaweka mbele ya tovuti zilezile wanahistoria 10, wahakiki wa habari wa kitaaluma 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanafunzi na hata wanahistoria, watu wa shahada za uzamivu, mara nyingi waliusoma ukurasa kwa makini kutoka juu hadi chini, wakavutiwa na nembo na mpangilio, wakadanganyika. Wahakiki hawakukaa. Waliutoka ukurasa upesi, wakaenda kuuliza kwingine: hawa ni akina nani, nani anawalipa, wengine wanasemaje juu yao? Yaani walitaka kumjua msemaji kabla ya kuusikiliza usemi.

Mtu aliyekulia pwani hashangai. Katika elimu ya hadithi za Mtume, kabla ya kuijadili matini unaijadili sanadi: nani kapokea kutoka kwa nani, walionana kweli, kumbukumbu yake ilikuwaje, alijulikana kwa ukweli? Karne zaidi ya kumi za watu kujitesa kwa swali moja, umeisikia kwa nani. Sidai kwamba mtoto wa chuo cha Kurani na ubao wake wa wino anafanya uhakiki huo. Naye anakariri, na sanadi yenyewe ina udhaifu wake, inampima mtu zaidi ya ushahidi. Nasema tu kwamba mwalimu wa Lindi au Pemba ana pa kuanzia ambapo watoto wake wanapajua, na bado tunamletea kijitabu cha warsha chenye picha za kompyuta ambazo shule yake haina. Katika shule nyingi, mwanafunzi akikutwa na simu bwenini anarudishwa nyumbani, na maktaba ni kabati. Pale niliposoma mimi, ufunguo wake ulikuwa kwa makamu mkuu wa shule, na makamu alikuwa safarini.

Kwa hiyo siombi somo jipya. Ratiba imejaa, na somo jipya likija litakuwa na pointi sita kufikia muhula wa pili. Ninaomba swali moja tu katika mtihani wa historia wa kidato cha nne. Mpe mwanafunzi namba mbili za Maji Maji, 75,000 na 300,000, na aya moja moja kuhusu aliyezitoa na namna alivyozipata. Mwambie aandike ipi anaiona karibu zaidi na ukweli, kwa nini, na ni kitu gani angehitaji kukijua ili abadili mawazo. Aandike kwa lugha anayoweza kugombana kwayo.

Nililipeleka swali hilo kwa rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia wa miaka mingi ambaye amewahi kuitwa kusahihisha. Alilisoma mara mbili, akatabasamu, akasema ni zuri, angependa kulifundisha. Kisha akavua miwani. "Lakini kaka, mwongozo wa kusahihisha utaandikwaje? Tukifika pale tutaambiwa jibu ni lipi?"